Tunachanja Wake kwa Waume

Kaka Kazungu,

Leseni tumepata! Nimeanza na mwisho kwa sababu nakujua. Mtu hajamaliza hata salamu, wewe ushauliza, "Enhe, ikawaje?"

Tangu ile homa ikuchukue, nimeendelea kuchora tatuu hapa hapa chumbani kwetu Junda, roho juu kila nikisikia gari la kanjo, wale askari wa kaunti. Unakumbuka walivyokutimua kule Likoni, yule baharia akabaki na nusu nanga mkononi? Ulicheka hadi ukakaa chini. Halafu ukasema, "Dama, siku moja tutakuwa na duka letu, halali, tusikimbizwe na mtu." Nikaona nisipopata leseni, duka litafungwa, na hilo neno lako litaenda bure.

Basi nikapaka kuta rangi nyeupe, nikaweka sinki na pipa la taka lenye kifuniko. Na kwa haraka zangu, nikaandikisha kibao kabla ya kukaguliwa: TUNACHANJA WAKE KWA WAUME. Si chale huchanjwa, kaka? Kesho yake nafungua mlango, akina mama wamejipanga na watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi! Nikaeleza, nikaeleza tena. Bibi mmoja akakataa katakata kuondoka. "Mchanje tu huyu mjukuu wangu, mwanangu. Wallahi zahanati ni mbali."

Uvumi ukamfikia bwana afya kwamba kuna mwanamke achanja watoto bila kibali. Akaja amekunja uso, nami nikajua tumekwisha. Akatazama ukutani, akaona mawaridi, majoka, na yule nguva wako mwenye makengeza. "Dada, kwani wewe wachanja nini?" Nilipomweleza alicheka hata kofia ikamwanguka. Kisha akawa mkali tena. Sindano mpya kwa kila mtu, glavu, vyombo vichemshwe, maji yasikatike. Alinikagua mpaka kucha. Mwishowe akanipasisha, ila kibao kishuke siku hiyo hiyo.

Nikaenda kwa karani wa leseni, natembea kwa maringo. Akauliza, "Mwenye biashara ni nani?" Nikataja jina lako, kama ninavyowatajia wateja siku zote.

"Basi na aje atie sahihi."

Kaka, miezi yote hii nilikuwa nikisema duka ni la kaka yangu, ametoka kidogo. Nililizoea hilo neno, likanifariji. Pale dirishani kwa karani halikunifaa. Nikasema, "Amefariki. Mwenye biashara ni mimi." Nililia mbele ya watu wote, foleni nzima ikaningoja. Halafu nikatia sahihi.

Lala salama, Kazungu. Nimekukosa sana. Wakiniuliza tena, nakuahidi sitasema umetoka. Nitawaambia duka ni langu, na kazi nilifundishwa na wewe.

Mdogo wako,
Dama