Askari wa Baba

Ijumaa, 15 Machi
Ratiba ya raundi ya mwisho imebandikwa. Kete nyeusi, mimi. Nyeupe, Monsef — kaka yangu. Mji mzima wa Sfax una wacheza sataranji, nimeangukia yeye. Hajanisemesha tangu nilipomhamishia Mama kwangu. Anasema nilimwiba.

Bwana Ridha, mwamuzi, aliniuliza kama nitakuja.
"Kwa nini nisije?"
"Basi msirushiane kete tu, dada Naziha."

Jumamosi, 16 Machi
Mama leo kamuulizia Monsef tena. Nimemwambia ana kazi nyingi. Sikumwambia kuhusu kesho. Nimepika, nimefua, nimelala mapema.

Jumapili, 17 Machi
Tulipeana mikono kwa sababu sheria inataka. Akaketi bila kunitazama.

Akasogeza askari wa mfalme hatua mbili. Nami hivyo hivyo. Kisha akamsukuma askari wa jirani yake — akamwacha pale bila mlinzi, niamue kumla au kumwacha. Ufunguzi wa Baba! Ndio pekee aliotufundisha. Utotoni nilikuwa simli yule askari. Ukimla, njia zinafunguka na mashambulizi yanakuja. Monsef alikuwa akinicheka: "Mle basi, hang'ati."

Leo nimemla.

Nikamwona Monsef anainua kichwa.

Alishambulia kama zamani, kwa farasi na tembo, haraka mno. Mfalme wangu alihamahama mpaka pembeni. Nilitulia tu, nikala alichokitoa. Kufika adhuhuri alikuwa hana cha kunitishia.

"Sare?" Neno lake la kwanza kwangu kwa miaka minne.

Nilipaswa kujibu ndiyo au hapana. Nikasema, "Mama anakuulizia."

Bwana Ridha akakohoa. "Jamani, hapa hapazungumzwi."

Monsef aliutazama ubao muda mrefu. Kisha akasimamisha saa ya mchezo, akanipa mkono: amekubali kushindwa.
"Tangu lini unamla yule askari?"
"Tangu leo."
Akaondoka bila kuaga.

Jumapili hiyo hiyo, alasiri
Gari la Monsef liko chini ya dirisha langu, mbele ya duka la mikate. Injini inanguruma. Hashuki. Haondoki.

Mama kauliza nachungulia nini. Nikamwambia, Monsef yuko chini.

"Kwa hiyo umemwacha juani?"

Nimesema anajua mlango ulipo.

Mama anahangaika na kamba za viatu vyake. Ngazi hajazishuka tangu Idi.