Shangazi, Ukuta Wako Umehamia Chang'ombe

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nina jambo la kukueleza, lakini wewe hukupenda mtu aanze kumwaga habari kabla hajasalimu vizuri, kwa hiyo nisalimu kwanza. Huku tu wazima. Baba ni mzima, presha inampanda akisikiliza bunge redioni na kushuka akilala. Chumba changu cha maonyesho hapa Chang'ombe bado kipo, katikati ya mashine ya kusaga na fundi cherehani. Mashine inanitimulia unga kwenye picha kila siku, na fundi anawaambia wateja wake kuwa mimi ni mwalimu wa chekechea. Nimeacha kumsahihisha.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, mbele ya ukuta.

Unakumbuka likizo nilizokuwa naletwa kwako Mkonze? Kila mwaka, mkishavuna uwele na kabla kisima hakijakauka, ulikuwa unaukwangua ukuta wa mbele wa nyumba yako na kuukandika upya. Ulikanda udongo na samadi kwa miguu, sketi umeikunja magotini, unamsema mwanakijiji fulani ambaye sitamtaja kwa sababu bado yuko hai. Ukishasiriba ulichukua udongo mwekundu, udongo mweupe na majivu, ukachora kwa vidole vitatu. Hukupima wala hukurudi nyuma kutazama. Siku moja nilikuuliza unajuaje mstari uishie wapi. Ukanijibu, "Mkono ukichoka."

Nimesoma chuo, Shangazi, na walimu wangu walikuwa wazuri, lakini jibu hilo sikulipata tena kwa yeyote.

Nilipoacha kazi ya ukarani nichore, Baba alininunia miezi mitatu. Tulikuwa tunakula meza moja, chumvi ananiomba kupitia kwa Mama. Wewe ulikuja na kuku mmoja kwapani, ukanikuta nimejifungia chumbani. Hukunihubiria. Ulisimama mlangoni ukasema, "Kazi umeiacha, sawa. Mikono nayo umeiacha?" Nikasema hapana. "Basi toka uje ule."

Miaka ya mwanzo niliishi kwa sura za wakubwa waliostaafu. Ofisi ikimuaga mtu, wananiletea picha yake ya pasipoti, namchora mkubwa kama dirisha na namwongezea tabasamu ambalo hakuwa nalo kazini. Ulizipenda sana zile picha, hasa wale wenye vipara, ukasema ndio wanaong'aa vizuri. Halafu nikapanga chumba hiki nikaanza kuonyesha kazi za wenzangu: vyungu vya akina mama wa Kondoa, picha za wanafunzi wa chuo, vinyago vya mzee mmoja mkali anayekataa kuchonga twiga. Watu waliingia wakauliza, "Mnauza nini?" Nikajibu wanaweza kuangalia tu. "Kuangalia ni bei gani?" Mpaka leo wapo wasioamini kuwa ni bure.

Nilihangaika kukueleza kuwa kazi yangu sasa ni kuchora na pia kuchagua kazi za wengine na kuzipanga zionekane. Ulisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo unachunga picha," ukasema, na tangu siku hiyo hukuniita mchoraji tena. Ulikuwa umeshaanza kuumwa wakati huo. Nikakuahidi kuwa kazi yako itakaa kwenye chumba changu, mbele ya watu, na maelezo pembeni. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulitutoka kabla sijatimiza.

Baada ya arobaini wanao walikubaliana wabomoe wajenge ya matofali. Siwalaumu, nyumba ni yao na wana watoto wa kulaza. Niliomba wanipe ukuta wa mbele tu, wakanipa wiki moja. Nikaja na mafundi wawili, grenda, mbao na mchoro niliouandaa kwa siku nne: tuukate vipande vinne, tuvifunge kwenye mbao, tuvipakie kwenye kigari cha Kirikuu. Nilijiona mtaalamu kweli. Fundi aliwasha grenda, akagusa, na kipande cha kwanza kikashuka chote kuwa vumbi. Cha pili hakikungoja kuguswa.

Nililia pale pale uani, Shangazi, kwa sauti. Mafundi waligeuka wakajifanya wanatafuta misumari. Nilihisi nimekuzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikaomba viroba nikazoa udongo wote, sikuacha hata uliodondokea kwenye banda la kuku.

Jirani yako Mama Neema alisikia, akaja Chang'ombe na wenzake wawili. "Mbukwenyi," wakasalimu, wakavua viatu mlangoni kama wanaingia msikitini, ingawa wote watatu ni wa kwaya. Walikuja kuukandika udongo wako kwenye ukuta wangu. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekuza picha ya ukuta wako niliyoipiga mara ya mwisho, nikaisimamisha mbele yao, vipimo nimeviandika kwa penseli.

"Hii ya nini?" Mama Neema akauliza.

"Ni ili tufuate, mama. Uwe kama ulivyokuwa."

Wakatazamana.

"Shangazi yako hakuwahi kurudia pambo la ukuta," akasema. "Alirudia mara moja tu, mwaka huo alioumwa, mkono ulipokuwa hauna nguvu ya kutafuta pambo jingine. Alituomba tusipite mbele ya nyumba. Tukawa tunapita nyuma, kwa kina Elias. Sasa wewe ndio huo unataka kuwaonyesha watu wa mjini?"

Niliigeuza ile picha ikatazama ukutani. Miaka yote hiyo najifunza kuangalia, na ukuta mmoja uliokutia aibu ndio niliotaka kuukata kwa grenda na kuulinda.

Walichora walivyotaka, wakizozana na kucheka. Niliposimama pembeni na daftari langu, Mama Neema alinipa tope mkononi. "Tumekuja kukandika, hatujaja kuangaliwa." Nikaweka daftari chini nikaingia.

Sasa mwaka unatimia tangu siku hiyo. Majina yao matatu yapo kwenye kikaratasi pembeni, langu la nne, na chini yake nimeandika kuwa udongo umetoka nyumbani kwako. Wamekuja wanafunzi, wamekuja wa maofisini na vitambulisho shingoni. Baba alikuja Jumapili moja, akakaa kwenye stuli saa nzima, akaondoka, kesho yake akaniletea feni. Asubuhi nachora zangu, mchana napanga za wenzangu, na nikiamka siogopi tena kuwa nimekosea njia. Nina furaha, Shangazi. Nilitaka uisikie kutoka kwangu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita alikuja mmoja wa wale wa maofisini, bwana mstaarabu, akaahidi kuuwekea ukuta kioo ili udumu. Nilimwambia mwaka ukitimia tunaukwangua, kama ulivyofanya wewe; akasema kukwangua kitu kama hiki ni dhambi. Siku mbili nilitaka kumkubalia. Nyumba yako haipo, na udongo huu ndio uliobaki. Tukiukwangua na kuukanda na udongo mpya, sehemu yake itapotelea sakafuni, mwaka kesho utapungua tena, na itafika siku nitakuwa nakandika udongo usio na wewe ndani yake. Hilo linaniuma, sitakudanganya.

Lakini nikawaza utakavyokaa nyuma ya kioo, mwaka hadi mwaka, na pambo lile lile. Nikampigia simu nikamwambia hapana.

Kesho asubuhi Mama Neema na wenzake wanakuja. Udongo mpya nimeshauloweka. Wamesema mwenye ukuta ndiye anayeanza, kwa hiyo jembe la kwanza nitalishika mimi. Bado sijui tutachora nini, na nimeizuia akili isitafute. Pumzika, Shangazi wangu. Vumbi lako likiniingia puani nitapiga chafya, nitajifuta, na nitaendelea kukwangua.

Ni mimi,
Binti wa kaka yako