Mstari Unaopanda Saa Tatu Asubuhi

Alhamisi jioni, Kwamndolwa, Korogwe.

Manyunyu yamekatika muda si mrefu na bati bado linadondosha maji. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa tope la Handeni. Mgongo unauma, macho yanauma. Nimekaa kitandani, kompyuta iko magotini, na naandika hapa mtandaoni kwa sababu sina mahali pengine pa kulisemea hili.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni kutunza mfumo wa majibu ya vipimo. Zahanati za vijijini zinachukua damu ya mgonjwa, pikipiki inaileta maabara hapa Korogwe mjini, maabara wakishapima wanaingiza majibu kwenye mfumo, na nesi kule kijijini anayafungua kwenye simu. Katikati ya wote hao ipo seva, kompyuta inayoyatunza majibu, na seva hiyo niliiandaa mimi. Nilikuwa naijivunia.

Tangu nilipoiandaa, kitu pekee kilichokuwa kinanionyesha hali yake ni alama ya kijani kwenye skrini ya ofisini. Ikiwa kijani, seva iko hai. Ikigeuka nyekundu, imezimika. Karibu siku zote ilikuwa kijani, nami nikawa naamini kwamba kijani maana yake ni salama.

Nesi Mwajabu hakuamini hivyo. Yuko kwenye zahanati moja mbele ya Kwamsisi, wilaya ya Handeni, mtu mzima, rika la mama yangu. Alikuwa ananipigia kuniambia kwamba asubuhi majibu hayafunguki, ukurasa unazunguka tu mpaka simu inapata moto. Mimi namwamkia shikamoo, namsikiliza mpaka mwisho, kisha namwambia ni mtandao wa huko kwao, ajaribu kupanda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zahanati. Nilimjibu hivyo kila alipopiga.

Sikuwahi kuangalia. Hata mara moja.

Halafu, msimu wa mvua uliopita, likatokea la Hadija. Alikuwa mjamzito, mimba ya miezi minane, anatoka kitongoji cha mbali. Kipimo chao cha wingi wa damu kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo sampuli yake ikaletwa mjini. Siku ya majibu alifika zahanati asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka mchana. Majibu hayakufunguka. Alikuwa ameacha watoto nyumbani, akaondoka. Yalipofunguka, ilikuwa karibu saa nane, na yalisema damu yake iko chini mno. Nesi akatuma pikipiki imfuate. Nyumbani hayupo, amepitiliza shambani kwa wakwe. Alipatikana siku ya pili yake, uchungu umeshamshika, na akajifungulia njiani.

Alipona. Mtoto naye yupo. Lakini alitokwa na damu nyingi, akalazwa wiki nyingi, na watu pale kijijini wakasema nesi alikuwa ameyakalia majibu. Wakubwa wake wakafanya uchunguzi. Wakaniuliza kwa maandishi kama siku ile mfumo ulikuwa unafanya kazi. Nikatazama rekodi ya ile alama ya kijani, nikajibu kwa mstari mmoja: mfumo ulikuwa unafanya kazi kama kawaida.

Nesi Mwajabu akapewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye usimamizi wa zahanati. Baada ya hapo hakunipigia tena, na mimi, Mungu anisamehe, niliona afadhali.

Wiki hii Mzee Rajabu, mkuu wetu wa ofisi, aliagiza nitengeneze dashibodi, yaani ukurasa mmoja wa grafu zinazoonyesha seva inavyofanya kazi dakika kwa dakika: inachukua sekunde ngapi kufungua majibu, maombi mangapi yako kwenye foleni, imelemewa kiasi gani. Wageni walikuwa wanakuja na alitaka kuwe na kitu cha kuwaonyesha ukutani. Nilifanya kazi hiyo Jumatatu na Jumanne, nikikosea na kurudia. Nilihangaika hata na rangi.

Jana asubuhi nikaketi na chai yangu kuitazama. Saa mbili, mstari wa muda wa kufungua majibu ulikuwa chini kabisa, umelala. Ilipotimia saa tatu kamili ukapanda. Haukupanda kidogo, ulisimama kama ukuta, ukabaki hivyo hivyo juu mpaka saa saba mchana, kisha ukashuka wenyewe. Saa hizo zote nne, alama ilikuwa kijani.

Chai ilipoa.

Kutafuta chanzo hakukunichukua hata nusu saa. Kila siku seva inajinakili yote, ili ikiharibika tuwe na akiba, na kazi hiyo ni nzito, kwa kawaida hufanywa usiku watu wakiwa wamelala. Nilipoipanga, nilitaka ianze saa sita usiku. Nikaandika sita. Lakini seva haihesabu saa kama sisi. Kwake sita ni alfajiri, ile tunayoiita saa kumi na mbili, na tena inafuata saa za ng'ambo, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Sita yangu ya usiku ikawa saa tatu ya asubuhi. Kila siku, wakati manesi wote wanafungua majibu, seva ilikuwa inajibeba yenyewe mgongoni.

Nikafungua kumbukumbu ambazo seva ilijiandikia siku ile ya Hadija. Zipo, hakuna aliyewahi kuzisoma. Kujinakili kulianza saa tatu, kukaisha saa saba na nusu. Na kati ya hapo, kutoka zahanati ya Nesi Mwajabu, yalikuwepo maombi ya kufungua jibu moja lile lile.

Mara kumi na moja.

Nilizihesabu tena nikitumaini nimekosea. Halafu nikarekebisha ile saa. Ni tarakimu mbili tu nilizobadilisha.

Mzee Rajabu nilimweleza mchana. Si mtu mbaya. Alivua miwani, akauliza kama nimeshatengeneza. Nikasema ndiyo. Akasema, kwa upole kabisa, "Basi mwanangu, mshukuru Mungu. Ukilifukua hili litatufukia sote." Nikaitikia. Nikarudi mezani nikakaa, na sikufanya kitu kingine chochote mpaka muda wa kutoka.

Leo asubuhi niliomba ruhusa, nikadanganya naumwa. Nikapanda basi, nikapita Segera, nikashuka kwenye lami na kuchukua pikipiki. Ilipofika saa tatu nilimwomba dereva asimame, nikafungua dashibodi kwenye simu. Mstari ulikuwa umelala chini. Nilidhani nitafurahi. Nilisikia uchovu tu.

Nesi Mwajabu alikuwa anapima watoto uzito, akiongea Kizigua na mama zao. Aliponiona hakushtuka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha benchi, na akaendelea na kazi mpaka mtoto wa mwisho. Kisha akaja kukaa karibu yangu. Nikamweleza yote bila kuruka kitu. Nikamnyooshea karatasi niliyokuwa nimechapisha, yenye saa na yale maombi kumi na moja.

Hakuipokea.

"Hiyo wapelekee walioandika barua," akasema. "Mimi nilikuwepo. Nilijua."

Nikatoa kompyuta nikaanza kuandika pale pale kwenye benchi, barua kwa wakubwa wake, nakala kwa Mzee Rajabu. Nilipomaliza nikamgeuzia asome. Alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila mstari, polepole, kama anavyosoma kadi ya mgonjwa. Kwenye aya ya pili kidole kikasimama.

"Hapa umeandika kulijitokeza changamoto ya kiufundi. Hiyo changamoto ilijitokeza yenyewe?"

Nikasema hapana, nesi.

"Basi andika aliyefanya."

Nikafuta. Nikaandika kwamba nilikosea kupanga saa, na kwamba nilipoulizwa nilijibu bila kuchunguza. Akasoma tena, akavua miwani, akanyanyuka. Kulikuwa na mgonjwa mlangoni. Hakuniambia asante, na sikuitarajia. Aliniambia tu niwahi, mvua inakuja, na njia ile ikilowa pikipiki hazipiti.

Alisema kweli. Tulisukuma pikipiki sehemu mbili.

Njia nzima nilikuwa namfikiria babu yangu, aliyekuja huku kukata mkonge na hakuwahi kushika kalamu, na jinsi mama alivyofurahi siku nilipopata kazi ya kukaa kwenye kiti. Nilifikiria pia kwamba mkataba wangu uko mezani kwa Mzee Rajabu na mtu wa kuusaini ni yeye. Kule zahanati mtandao ulikuwa hautoshi kutuma barua. Kwa hiyo nilirudi nayo ikiwa bado kwenye kompyuta, na saa zote za njiani nilikuwa na nafasi ya kubadili mawazo. Nikiri kwamba niliitumia. Kati ya Segera na hapa nilibadili mawazo mara mbili.

Nilipofika, mama aliniuliza nimetoka wapi na tope lote lile. Nikamwambia kazini. Akatazama viatu, akaniambia nivivue mlangoni.

Nimeituma nusu saa iliyopita, pamoja na grafu na zile kumbukumbu. Mzee Rajabu ameshapiga mara moja, sikupokea. Nitapokea akipiga tena, maana hastahili kukimbiwa. Sijui wakubwa wa nesi watafanya nini. Huenda wakamrudishia nafasi yake. Huenda wakaiweka barua kwenye faili wakafunga kabati. Na Hadija, ambaye sijawahi kumwona, nani atakwenda kumwambia? Nadhani najua ni nani, ila leo sina nguvu ya kulifikiria.

Simu inaita. Ni Mzee Rajabu.