Ujumbe Unaorudi Baada ya Apdeti

Bwera, Jumatano

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Martine,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na binti yako Chérie na wadogo zake. Natumaini kile kifua kimepoa na vumbi la soko la Kasese halikusumbui tena. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Musoki anakushukuru kwa maharage, anasema yaliiva upesi, hayakumaliza kuni. Najua utashangaa kuona fundi wa simu anakuandikia kwa karatasi. Vumilia, soma mpaka mwisho, halafu ndipo unicheke kama bado utataka.

Uliniuliza Chérie nimchagulie simu gani ya kwenda nayo chuoni. Wiki nzima nimezijaribu zile mbili mezani kwangu. Ile ya kamera tatu inapendeza sana, inapiga picha hata gizani, na kidole ukikiweka juu ya kioo tu inafunguka. Lakini tangu apdeti ya mwezi uliopita inachemka mfukoni, na saa nane mchana chaji imekwisha. Ile nyeusi imekaa kama mche wa sabuni, haina maringo yoyote, ila inakaa siku mbili bila umeme, na walioitengeneza wameahidi apdeti za miaka sita. Mchukulie nyeusi. Akija kututembelea asiogope saa ikirudi nyuma lisaa limoja. Hapa mpakani simu hukamata mtandao wa Congo ikafuata saa ya kule. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa uko kwenye simu yangu mimi. Chérie aliniomba nimhamishie ujumbe wote wa marehemu baba yake, kwa kuwa simu yako ilipotea siku mlipokimbia Butembo na mimi pekee ndiye niliyebaki na maneno ya Sosthène. Nilimwambia nitafanya. Ni wiki tatu sasa na kila siku namdanganya kwamba waya umeharibika.

Yaya, kuna ujumbe mmoja wa Sosthène unaonifuata. Simu yangu kila inapomaliza apdeti, huo unapanda juu ya kioo kama umeingia sasa hivi, na mlio wake, na jina lake. Nilibadili simu, ukahamia kwenye mpya. Niliufuta, ukarudi pamoja na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Mafundi wenzangu wanasema ni kasoro ya programu tu, na mimi mwenyewe ningemwambia mteja hivyohivyo. Lakini mwezi huu simu imeongezewa akili ya kupendekeza majibu. Jumatatu asubuhi, wateja wamenizunguka, ujumbe ule ukapanda tena, na chini yake simu ikaniwekea maneno ya kuchagua: Sawa. Asante. Safari njema. Bisibisi ikanianguka. Musoki alifunga kibanda akanipeleka nyumbani, na ndiye aliyesema nikuandikie.

Unakumbuka desturi ya wafanyabiashara wetu. Kabla ya kutoka Beni walikuwa wananiuliza mimi kwanza, kwa sababu madereva wote wakivuka mpaka huchajia simu kwangu na habari za barabara huziacha mezani. Sosthène hakuwahi kusafiri bila kuniuliza. Siku ile ya soko, siku ya safari yake ya mwisho, dereva Kosiya alifika mapema akasema amesikia risasi kwenye barabara ya Beni, mbele ya Kasindi, gari ya nyuma yake imegeuza. Nilisikia vizuri. Nikasema nitawaambia watu.

Halafu Ronnie, yule wa meza ya jirani, akaanza kunichokoza mbele ya watu. Alisema simu ya aina yangu haiwezi kumeza apdeti mpya, itakufa palepale, na ya kwake ilimaliza kwa dakika ishirini. Watu wakajaa. Wengine walikuwa upande wangu, wengine upande wake, unajua Bwera tunavyopenda ubishi. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe ujumbe ulipoingia. Niliusoma wote. Alikuwa ameandika: "Shemeji, njia iko aje leo? Tutoke ao tungoje?"

Niliusukuma pembeni kwa kidole, nikabonyeza apdeti. Nilijiambia nitamjibu ikiwaka. Ilikwama kwenye alama nyeupe karibu saa nzima, watu wanacheka, mimi nabisha. Mezani palikuwa na simu za wateja kama ishirini, na namba ya Sosthène naijua kwa kichwa. Sikushika hata moja. Ilipowaka nilishangiliwa, yaya. Nilimshinda Ronnie. Ndipo nikaandika "musitoke," na neno hilo mpaka leo lina alama moja, halikumfikia.

Kwenye matanga uliniuliza kama aliniuliza njia. Nilikutazama machoni nikasema hapana. Miaka miwili nakusikia ukisema aliondoka bila kuuliza mutu, kwamba kichwa ngumu chake ndicho kilichokuacha mjane. Nimekusikia ukikataa kumwombea misa. Nimemsikia Chérie akisema ana kichwa ngumu kama baba yake, akacheka, na mimi nikacheka naye. Nina aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Simu yenyewe nimeifunga kwenye kitambaa, nimempa Musoki akuletee pamoja na barua hii. Haina namba ya siri tena. Maneno yake yote yamo, na yale ya mwisho yamo. Msomee Chérie wewe, au mwache asome mwenyewe, ajue baba yake alikuwa mtu wa kuuliza.

Mimi nitakuja Kasese Jumapili. Nitasimama nje ya mlango wako na sitabisha hodi. Ukitaka niingie, mtume mtoto. Usipomtuma, nitakaa mpaka gari la mwisho la Bwera, kisha nitarudi.

Wasalimie wote waliomo nyumbani, na Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Ruben