Jani la Prasobh

Ottapalam,
siku ya pili baada ya sikukuu ya Onam

Kwa Dada Vasantha mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Muscat, wewe na shemeji na watoto. Natumaini hamjambo. Sisi tu wazima, ila magoti ya Bibi ndiyo yanayolalamika, na mwenyewe anasema hiyo ndiyo kazi yao.

Laiti ungekuwepo! Zulia la maua tulilitandaza uani tangu alfajiri, Bibi akitukemea kwamba mfalme wetu wa kale, Mahabali, anarudi kutuona mara moja tu kwa mwaka, nasi tunataka kumpokea kwa duara lililopinda. Tukacheka, tukalinyoosha.

Sasa lile unalongoja. Prasobh alikuja. Baba ndiye aliyemwita ale nasi, lakini unamjua Baba: alishasema wazi kwamba kijana aliyelelewa mbali huko Bhopal, asiyejua hata kula mlo wa Onam, hampi binti yake, yaani mimi. Kwa hiyo ule haukuwa mlo, ulikuwa mtihani.

Akaanza vizuri, Dada! Shuka lake jeupe la pindo la dhahabu hakulikanyaga. Alikaa chini mbele ya jani la mgomba, akala wali na mchuzi wa sambar bila tone kumfika kiwikoni. Payasam tamu ya maziwa Mama alimwongeza, akanywa, akaongezwa tena. Bibi akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba huyu anakula kama mtu wa kwetu. Nikajua tumepona.

Kisha akalikunja jani lake. Akalikunja kwenda mbele, mbali naye, kama tunavyokunja matangani!

Mama alishika mdomo. Mjomba Divakaran akauliza nani kafa na mbona yeye hakuambiwa. Maskini Prasobh akatutazama mmoja mmoja, jasho linamtoka, kosa halijui. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akainama, akalifungua lile jani kwa mkono wake, akalikunja upya, ukingo wa mbele ukamjia Prasobh, vile alivyotufundisha tulipokuwa wadogo. Akamwambia, "Hapa kwetu mlo ukiwa mtamu tunakunja hivi, mwanangu. Mwakani usikosee."

Mwakani, Dada! Umesikia? Mama alilia kwa furaha, na Mjomba akadai payasam nyingine.

Sasa nikuungamie wewe tu. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwenye mgahawa karibu na ofisi, tumekaa uso kwa uso. Mimi nikilivuta jani lije kwangu, yeye alikuwa akiliona linaondoka kwake, akashika alichokiona. Nilidhani siri hiyo ninayo peke yangu. Lakini nikiwa naosha vyombo, Baba alisimama mlangoni, akasema bila kunitazama kwamba siku nyingine nikimfundisha Prasobh nisikae mbele yake. Nikae ubavuni pake.

Wabusu watoto, msalimu shemeji, na mwambie aanze kuulizia tiketi. Wazazi wa Prasobh wanakuja Jumapili.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo kifani,
Ambili