Eda Iliyopita Nikishona

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Mvua tena. Mafundi wamefika wameloa, wakaanika kanga zao juu ya cherehani, nikafoka. Magauni ya bluu ya watoto wa kituo cha yatima yanatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Bwana Gaspard, mwenye karakana, amepita asubuhi na gari lake akitoka mtaa wa Kicukiro. Akauliza, "Madame Hadija, kazi inaendelea?" Inaendelea. Ndiyo kazi yangu hapa, kuiendeleza. Mimi ni msimamizi wa mafundi, si mama yao.

Spesioza amenifuata wakati wa chakula. Anataka siku mbili za ikiriyo, matanga ya kwao, ya kuketi na jamaa kuzunguka moto uani. Hajapata kuwalilia mama yake wala watoto wake. "Dada Hadija, mimi kichwa iko inajaa. Siku mbiri tu." Nimekataa. Nikimpa yeye watataka wote, maana nani humu ndani hakufiwa katika mauaji ya mwaka huu? Zitabaki cherehani tupu. Nimemwambia ashone, kazi ni dawa. Mimi mwenyewe ndiyo ninayokunywa tangu mume wangu Rajabu aondoke na lori alilokuwa akiendesha asirudi.

Jumatano, 9 Novemba
Muuza sambusa wa pale kona ameniita mjane. Nimemtukana mbele ya wateja wake. Rajabu hajarudi, basi. Asiyerudi si marehemu. Watu wanarudi kila siku kutoka ukimbizini, kutoka Bukavu, kutoka Goma, wamekonda lakini wanarudi.

Ijumaa, 11 Novemba
Spesioza ameharibu. Magauni yake ya asubuhi nzima ameyafunga chini. Pindo la mbele na la nyuma ameyashona pamoja, gauni limekuwa gunia. Fundi wa miaka mingi! Nimelipeperusha moja mbele ya wenzake, nikauliza mtoto atatolea wapi miguu. Hakuna aliyecheka.

Aliinuka, akatoka uani, akachuchumaa mbele ya mbabura, jiko tunalowashia mkaa wa pasi. Akabaki pale. Fundi mwingine akamfuata, kisha mwingine, mwisho cherehani zote zikanyamaza. Wameuzunguka mkaa ule. Mmoja anachochea, mmoja anavuta kamasi. Nilitoka kuwafukuza warudi kazini, nikaishia mlangoni. Nimerudi ndani nikafumua magunia yale peke yangu. Naona haya.

Jumatatu, 14 Novemba
Nimeamua. Kila siku baada ya swala ya alasiri cherehani zinasimama mpaka mkaa uwe majivu. Anayetaka kulia alie. Anayetaka kunyamaza anyamaze. Nilianza vibaya: niliwaambia kila mmoja aseme yake. Wote wakaangalia chini. Nilikuwa mjinga. Siku hizi humjui aliyekaa ubavuni kwako, kaka yake alikuwa wapi na alifanya nini. Machozi ya watu hapa huteremkia tumboni. Basi nikafuta amri, wakakaa kimya, na kimya kikawafaa zaidi.

Mimi nimesimama mlangoni na futi yangu shingoni. Lazima mmoja achunge nguo.

Alhamisi, 17 Novemba
Gaspard amefika alasiri, ametukuta hivyo. "Madame, hii ni atelier, mahali pa kazi, si nyumba ya kilio." Nikamjibu kwamba tangu Jumatatu hakuna gauni lililoharibika hata moja. Ningeishia hapo. Sikuishia. Nikamwambia yeye kakulia Bujumbura, kaja baada ya mauaji kwisha na koti lake zuri, hajui anakanyaga nini. Alitazama mkaa, akachezea funguo za gari, akaondoka. Sijui kama kesho nina kazi. Ulimi wangu utaniua.

Jumanne, 22 Novemba
Kazi ninayo bado.

Kassimu amerudi kutoka Bukavu. Alikuwa utingo wa Rajabu. Amekuja hadi karakanani, na alipovua kofia tu nikajua. Wiki ya Idi Kubwa, mwezi wa tano. Kwenye kizuizi cha wauaji barabarani. Walimteremsha Rajabu, Kassimu akamwona anaanguka. Walipolewa alimfunika kwa turubai la lori, kisha akakimbia. Ni hayo tu, hana mengine. Nimemshukuru, nimemnunulia chai. Nikarudi kwenye meza, nikakata mikono ya magauni mpaka jioni. Yote ya kushoto. Mficha maradhi kilio humfichua.

Jumatano, 23 Novemba
Nilimwachia Spesioza funguo, nikaenda kwa shehe kuuliza eda naianzaje. Nilikuwa tayari. Kanga nyeupe nimeshaikunja, nimeshawaza nani ataninunulia mkaa na unga nikiwa ndani. Shehe akauliza mume alikufa lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kisha akasema polepole, "Mama, eda ya miezi minne na siku kumi huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Yako imeshakwisha."

Imekwisha tangu mwezi wa tisa. Nilikuwa napima viuno vya watu. Nilikuwa nabishana na muuza vitambaa. Nilipaka wanja kila Alhamisi, siku aliyozoea kurudi safari. Eda ya mume wangu nimeimaliza nikiwafokea mafundi, wala sikujua kama nimo.

Nimekasirika. Na shehe, na Kassimu aliyechelewa, na Rajabu mwenyewe. Na Mungu pia. Astaghfirullah. Nimeandika, na sifuti.

Alhamisi, 24 Novemba
Gaspard amesikia. Amenipa pole vizuri, kwa mikono miwili. Kisha akasema afadhali, maana eda ikiwa imepita sitakosa kazini. Hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia nitakosa. Dini hainidai siku hata moja, mimi ndiye ninayejidai. Akasema, "Basi nenda, Madame. Spesioza atasimamia."

Alasiri nimeketi nao. Spesioza alinisogezea nafasi. Nikasema "marehemu Rajabu," nisikie linavyosikika. Nililia vibaya, kwa makelele, kama mbuzi aliyefungwa juani. Hakuna aliyeninyamazisha. Mkaa ulipokaribia kuisha Spesioza akaongeza mwingine. Magauni hayatamalizika kwa wakati.

Jumamosi, 26 Novemba
Nyumbani. Mvua asubuhi, halafu jua. Nimekaa kwenye mkeka bila kushika sindano. Nguo za Rajabu nimezitoa, nimezifua, zimekauka. Hatukujaliwa watoto, hakuna wa kumgawia.

Miezi yote hii nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili, sehemu yake nikimpa jirani jioni. Leo nimesonga wa mtu mmoja. Umetosha.