Redio Iliyotangulia Picha

Jumamosi usiku, Tororo

Kaka yangu Wandera asinitajie tena habari ya kuuza redio ya Baba. Leo amepiga simu kutoka Busia: "Dada, TV iko, redio ya nini?" Na anajua vizuri ni ya nini.

Baba alikuwa mhasibu, mtu wa sauti ya chini wiki nzima. Siku ya mechi alizima sauti ya TV akafungulia redio ya upande wa Kenya, kwa sababu ilitangulia picha kidogo. Bao likitangazwa, aliniita mimi bintiye nitoke jikoni: "Mama, kimbia, linaingia!" Nikikimbia, nililikuta kweli ndiyo kwanza linaingia. Utotoni niliamini Baba anayaona mambo kabla hayajatokea.

Leo nimetazama mechi ya kwanza tangu tumzike. Nilikaa kwenye kiti chake, chakula sijapika. Mtangazaji wa redio akapiga kelele, na kabla sijajizuia nikaita kuelekea chumbani kwake: "Baba, kimbia, linaingia!"

Likaingia. Nikalitazama peke yangu. Wakalirudia kwenye TV, nikalitazama tena.